Umepataje?

Kwa miaka minane nimelipiga mkasi, ile alama ya kosa, jibu moja bila kulisoma. Jibu lenyewe ni hili: nusu kujumlisha theluthi ni mbili ya tano. 1/2 + 1/3 = 2/5. Hakuna mwalimu wa hesabu nchini Tanzania asiyelijua. Mtoto kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, kamaliza, kafunga daftari. Unalikuta kidato cha kwanza, unalikuta kidato cha pili, na mwaka mmoja nililikuta kwenye karatasi ya moko, mtihani wa majaribio, ya kidato cha nne. Siku hiyo niliweka kalamu chini nikaenda kunywa chai.

Halafu ikaja siku ya kipindi cha saba. Wanaofundisha wanajua kipindi cha saba kilivyo: jua limepiga bati tangu asubuhi, wanafunzi 83 wamebanana kwenye madawati, uji wa saa nne umeshayeyuka tumboni. Nilikuwa napita kati ya madawati nasahihisha kwa kusimama. Nikafika kwa binti mmoja wa nyuma, mfungaji wa timu yetu ya netiboli, nikaliona jibu langu la siku zote. Kalamu ikashuka. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka husahau utaratibu. Badala ya kupiga mkasi na kupita, nikamuuliza kwa Kiswahili, sauti ya chini, kama ninavyomuuliza mdogo wangu nyumbani: "Hii umepataje?"

"Madam, kama mechi ya juzi," akasema. "Robo ya kwanza nilitupa mara mbili, nikafunga moja. Robo ya pili nikatupa mara tatu, nikafunga moja. Jumla nimetupa tano, nimefunga mbili."

Nilisimama pale na kalamu nyekundu kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Maana hesabu yake ni sahihi. Tena si sahihi ya kubahatisha, ni sahihi kabisa. Mfungaji aliyefunga moja kati ya mbili, kisha moja kati ya tatu, amefunga mbili kati ya tano, na kocha yeyote ataandika hivyo kwenye daftari lake. Binti alikuwa amejibu swali. Tatizo ni kwamba halikuwa swali langu. Langu lilikuwa la mkate: nusu ya mkate na theluthi ya mkate huohuo. Kwenye netiboli kila mtupo ni kitu kipya, unajumlisha mitupo. Kwenye mkate kitu ni kimoja, unajumlisha vipande vyake. Alama tulizoandika ubaoni ni zilezile, na mimi kwa miaka minane sikuwahi kumwambia mtu kwamba kuna mkate.

Nikamwambia: "Basi sikiliza. Asubuhi umekula nusu mkate. Jioni umeongeza theluthi. Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Umeongeza chakula, halafu umekula pungufu ya ulichokula asubuhi?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akafikiri, akasema: "Kwenye netiboli inawezekana, madam."

Na inawezekana kweli. Ukianza vizuri ukamalizia vibaya, wastani unashuka. Kipindi kizima kilichobaki tulikitumia kwenye jambo hilo, mkate upande huu wa ubao, goli la netiboli upande ule. Andalio langu la somo la siku hiyo lilisema tufanye maswali kumi. Tulifanya moja.

Nimeandika haya kwa sababu kila tukikaa vikao vya kuboresha ufundishaji wa hesabu na sayansi, tunazungumza vitabu, madawati, maabara, posho, na idadi ya walimu. Vyote vya kweli, na walimu kweli hatutoshi. Lakini sijawahi kukaa kikao ambacho mtu aliuliza: hivi haya majibu tunayoyapiga mkasi, kuna anayeyasoma?

Baada ya siku ile nikaanza kuuliza. Nikagundua aibu nyingine, na hii ni yangu mwenyewe. Mfano 10 − 3 + 2. Nusu ya darasa waliandika 5. Nikauliza, mmepataje? Wakanijibu kwa pamoja kama kwaya: "MAGAZIJUTO!"

Kwa aliyesoma Kenya au kwingine, MAGAZIJUTO ndiyo nyimbo yetu ya shule ya msingi: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ndiyo mpangilio wa matendo. Mtoto anaufuata herufi kwa herufi. JU iko kabla ya TO, kwa hiyo anajumlisha kwanza, 3 na 2 ni 5, halafu anatoa, 10 kutoa 5 ni 5. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unakwenda navyo kutoka kushoto kuelekea kulia kama unavyosoma. Kugawanya na kuzidisha ni hivyohivyo. Nyimbo haisemi hivyo. Mtoto aliyekosa ndiye aliyetii zaidi, na aliyepata huenda hakuwa anasikiliza siku nyimbo ilipoimbwa. Mimi mwenyewe niliwaimbisha kidato cha kwanza, nikigonga meza kwa rula, nikijiona mwalimu hodari.

Sasa hapa kuna watu watasema: tatizo ni lugha. Nakubaliana nao nusu, na nusu hiyo niielezee.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali. Mtoto anasoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba. Januari anaingia kidato cha kwanza, na kila alichokijua kinabadilishwa jina asubuhi moja. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika ngazi zote, ila madarasani kwetu Kiingereza kimeendelea kama kawaida. Watu wengi wanalitazama hili kama suala la heshima ya taifa. Mimi naliona kwenye ubao, kwenye maneno yenyewe.

Chukua namba tasa. Mtoto wa darasa la tano ukimwambia 7 ni tasa, anajua tasa ni nini, hata kama hajafundishwa hesabu: hazai. Haigawanyiki ikatoa wengine. Chukua nusukipenyo. Neno lenyewe ni maana yake, ni nusu ya kipenyo, huhitaji kukariri. Chukua asili, ile namba ya chini ya sehemu. Asili ya theluthi ni tatu: kipande hiki kimetoka kwenye kitu kilichokatwa mara tatu. Ukiwa na vipande vyenye asili tofauti, huwezi kuvihesabu pamoja mpaka uvitafutie asili moja, jambo ambalo bibi yangu asiyejua kusoma angelielewa. Na witiri! Watoto wa Kiislamu wanaijua namba witiri, ile isiyogawanyika kwa mbili, kutokana na sala ya witiri kabla ya kuijua darasani. Halafu yote haya tunayafuta, tunawapa "prime", "radius", "denominator", maneno yasiyo na mlango wa kuingilia. Anachobaki nacho mtoto ni kuyameza.

Kubwa zaidi ni kwamba ukimuuliza kwa Kiingereza amepataje, hujibiwi. Si kwamba hajui alivyopata. Anajua. Ila sentensi inayobeba fikra yake, yenye "kwa hiyo" na "kama ingekuwa" na "isipokuwa", hana kwa Kiingereza. Ana namba tu, na namba anakupa. Yule binti wangu wa netiboli angeinama, angefuta, angesema "sorry madam." Ningepiga mkasi mwaka wa tisa.

Nusu ninayoikataa ni hii: MAGAZIJUTO ni ya Kiswahili. Tumekaririsha kwa Kiswahili kwa bidii ileile tunayokaririsha kwa Kiingereza. Lugha inafungua mlango, lakini mwalimu aliyekuja kuimbisha ataimbisha tu, uwe mlango wazi au umefungwa.

Matokeo mnayajua. Kwa miaka mingi ufaulu wa Hisabati kidato cha nne umezungukia asilimia 20, na hata ulipopanda mwaka 2023 ulifika kama robo ya watahiniwa. Watu wanne wakikaa kwenye dawati la mtihani, watatu wanaondoka mikono mitupu. Kila Januari au Februari Baraza la Mitihani linapotangaza, magazeti yanaandika, tunasikitika siku tatu, maisha yanaendelea.

Ukitaka kuona swali la "umepataje" linavyoweza kugharimu likikosekana, upande wa sayansi tuna kisa chetu wenyewe, tena kinajulikana dunia nzima kuliko hapa nyumbani. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikirimu: unachemsha maziwa, unaweka sukari, unasubiri yapoe, unaingiza kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba, asije akapitwa, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa, haiwezekani.

Baadaye alikutana na wauza aisikirimu wa Tanga, wakamwambia wao huingiza ya moto siku zote, inawahi kuganda. Hao hakuna aliyewaambia wamechanganyikiwa, wao walikuwa kazini. Akafaulu kwenda Mkwawa, Iringa. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ikawa mzaha wa darasa: akikosea hata hesabu, wanamwambia hiyo hesabu ya Mpemba.

Alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kijana akainua mkono akauliza lilelile mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne alikiri baadaye kwamba hakuamini, ila akasema atajaribu. Aliporudi akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia, na akaahidi kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Nikifika hapo mimi hucheka peke yangu, maana yule fundi ni sisi sote. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja kwenye jarida la ufundishaji wa fizikia, na jambo lenyewe sasa linaitwa athari ya Mpemba.

Wanafizikia hadi leo hawajakubaliana kama athari hiyo ipo kila mara, inatokana na nini, na hata namna ya kuipima. Wengine wamejaribu wasiione. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Yule mwalimu wa kwanza huenda alikuwa na haki ya kutilia shaka. Lakini kati ya "haiwezekani" na "umepataje, hebu twende tukajaribu" kuna safari ya kutoka Lushoto hadi Iringa, na kijana aliibeba peke yake miaka yote hiyo.

Mtaniambia Magamba walikuwa na friza. Sisi hatuna. Ni kweli, na hapa nigusie maabara. Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara, fizikia, kemia na baiolojia. Kati ya 2012 na 2015 nchi nzima ilichangishwa: kuku, mahindi, fedha, nguvu kazi. Majengo yalisimama. Nimefundisha mahali ambapo jengo la kemia lilihifadhi magunia ya mahindi ya chakula cha mchana, na sikulaumu, panya walikuwa wengi bwaloni. Meza zilikuwepo, sinki zilikuwepo, maji hayakuwepo.

Mwenzangu anayefundisha fizikia hakusubiri. Alifunga kamba kwenye mwembe, akaning'iniza jiwe, timazi kubwa. Kabla ya kuliachia akawauliza: jiwe zito na jiwe jepesi, lipi litakwenda na kurudi haraka? Karibu wote wakasema zito. Akawaambia waandike, kila mtu na sababu yake. Hicho cha kuandika ndicho ninachokiheshimu zaidi kwake, kwa sababu mtu asiyeandika, jibu likitoka atasema hata mimi nilijua. Wakapima kwa saa ya simu yake, mara kumi kumi wakagawanya. Zito na jepesi, sawasawa. Kamba ya mita 1, sekunde 2 kwenda na kurudi. Wakataka sekunde 4, wakakadiria mita 2. Haikufika. Ilibidi kijana apande juu kabisa ya mwembe, kamba ikawa mita 4, ndipo sekunde 4 zikatimia. Urefu mara nne, muda mara mbili. Kipeuo cha pili kikawa kinaning'inia kwenye mwembe mbele ya macho yao, na mimi nikakiazima kwa kipindi changu cha kesho yake.

Gharama ya yote hayo ilikuwa kamba. Kamba na dakika 80.

Dakika ndizo tatizo, sitawadanganya. Kipindi ni dakika 40. Ukiwauliza wanafunzi 83 wamepataje, mmoja mmoja, jua litazama. Ninachofanya ni hiki: jioni napitia madaftari, nachagua majibu mawili ya makosa yanayojirudia. Asubuhi nayaandika ubaoni bila jina la mtu. Siulizi kama ni sahihi au si sahihi. Nauliza, aliyeandika hivi alikuwa anawaza nini? Wanajadiliana wawili wawili, Kiswahili ruksa, kwa dakika tano. Mwenye jibu lake hujificha mwanzoni, baadaye huwezi kumzuia, anasimama kulitetea. Halafu tunarudi kwenye Kiingereza pamoja, tunaandika kwa maneno ya mtihani, maana mtihani hautanisubiri nibadilishe sera.

Mkuu wa shule aliniita mara mbili. "Madam, mada zitaisha lini?" Azimio la kazi linasema wiki hii tuko mlinganyo, mimi bado niko sehemu. Mwalimu wa taaluma alinionyesha daftari la mwenzangu aliyemaliza mada zote mwezi wa nane. Nilitaka kujibu kwamba yeye amemaliza, ila wanafunzi hawajaanza, nikanyamaza, si lugha ya kumjibu mkubwa. Moko ilipokuja, waliofaulu waliongezeka kidogo, ongezeko ambalo sitalitangazia kanisani.

Kilichonisaidia kuliko semina yoyote ni kumwomba mwenzangu wa fizikia akae nyuma ya darasa langu asifanye kitu, aandike tu wanafunzi wanachosema. Wajapani wamefanya hivyo kwa miongo mingi: walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanatazama watoto, kisha wanalichambua somo na si mwalimu. Kenya ililetewa sehemu ya mawazo hayo mwaka 1998 kwa mradi wa SMASSE uliosaidiwa na shirika la Kijapani la JICA, na walimu wa huko wa hesabu na sayansi wengi wamepita humo. Sisi nasi tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jumuiya za kujifunza shuleni. Utaratibu ni mzuri. Ila ukiingia jumuiya ukakuta ajenda ya kwanza ni kusaini mahudhurio na ya pili ni soda, ujue hapo hapana somo. Kwetu tulianza watu wawili, bila soda. Mwenzangu alinionyesha kwamba ninapouliza swali nasubiri kama sekunde mbili kisha najijibu mwenyewe. Sikumwamini. Siku ya pili akaja na saa.

Nimalizie na magunia, maana ndipo nilipo sasa.

Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti mdogo kutoka Recife, Brazil. Walikwenda sokoni kwa watoto watano wanaouza vitu, wakajifanya wateja. Nazi moja cruzeiro 35, nikitaka kumi je? Mtoto alikuwa anajua tatu ni 105, akaongeza tatu nyingine, 210, akaendelea hivyo mpaka 350. Sokoni watoto hao walipata kama asilimia 98. Wakapewa hesabu zilezile kwenye karatasi, namba tupu bila nazi, wakapata asilimia 37. Ninapofundisha ni kandokando ya barabara ya Iringa, kijiji cha vitunguu. Sihitaji kwenda Recife. Wateja wa basi wanawajua wanafunzi wangu kuliko mimi.

Basi kidato cha nne tulipofika mada ya maumbo, yaani mcheduara (umbo la kopo) na "pia" (umbo la duara lenye ncha juu), nikaacha kuchora makopo ubaoni. Baba wa mwanafunzi mmoja alituachia gunia na vitunguu vyake kwa asubuhi moja, mizani tukaazima ghala la jirani. Sheria ya Vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100. Kila mkulima anaijua, na kila mkulima anauza lumbesa: gunia linajazwa, kisha linashonewa kichwa cha kamba juu, linajazwa tena, na bei inabaki ya gunia moja.

Wakajaza mpaka usawa wa mdomo. Mizani ikasema kilo 100 na kidogo, tukakubaliana 100. Mzingo sentimita 150, kimo mita 1. Wakapiga hesabu ya mcheduara: lita 179. Kisha wakashona kichwa, kimo sentimita 40. Swali langu lilikuwa moja: kichwa kimeongeza kilo ngapi? Hakuna kugusa mizani.

Darasa likagawanyika. Wenye "pia" wakachukua theluthi ya mcheduara, lita 24, kama kilo 13. Wenye "mcheduara" wakasema kichwa ni kinene, si pia hata kidogo, lita 72, kilo 40. Wakatukanana kistaarabu. Mizani ikasema 127.

Kilo 27. Si hawa wala si wale. Nikauliza: kama si pia na si mcheduara, kichwa cha lumbesa ni umbo gani?

"Ni wizi, madam," akajibu mtoto wa mwenye gunia.

Tulipomaliza kucheka, kijana mmoja ambaye mama yake ni fundi cherehani akasema fundi hapimi mtu mara moja. Anapima kifua, anapima kiuno, anapima nyonga. Kwa nini gunia tulipime mara moja? Wakachukua kamba. Wakakigawa kichwa vipande vinne vya sentimita 10, kila kipande wakakizungushia kamba katikati yake: 148, 138, 112, 66. Kila kipande wakakifanya mcheduara mfupi, kama chapati nene zilizopangwa. Wakajumlisha: lita 46. Kwa kulinganisha na gunia la chini, karibu kilo 26.

Nikawauliza hiyo kilo moja iliyobaki iko wapi. Mmoja akasema ni kamba za kushonea. Mwingine akasema udongo. Binti wa netiboli, ambaye sasa yuko kidato cha nne, akasema chapati ni nene mno, gunia linapinda katikati ya chapati na sisi tumelinyoosha. Akataka tupime upya kila sentimita 5.

Kengele ya chakula ikagonga. Lori la vitunguu lilikuwa limeshafika barabarani, linapiga honi. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, kamba mkononi, anamwambia mwenzake aandike: 149.